Kurasa Arobaini na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na safari hii haitanii. Ndoo mbili sebuleni, beseni chumbani kwangu, sufuria ile kubwa chumbani kwa mama mkwe. Daftari hili nililinunua liwe la vipimo vya wateja, lakini vipimo tunaandika ukutani kwa chaki, basi nimeamua kuliandikia mambo yangu. Sina mtu wa kumwambia. Nimechoka.

Niseme la kwanza nilitoe kifuani. Jana nilimpigia simu shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, nikamwomba aje amchukue mama yake. Ni mwaka wa pili tangu mume wangu aanguke kazini asiinuke tena, na mimi na mama mkwe tumebaki wawili humu ndani kama watu waliokaa foleni ya daktari. Tunasalimiana, basi. Kila siku ya Mungu anaamka kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuanza kugonganisha sufuria. Angekuwa anapika ningeelewa. Hapiki kitu. Anachemsha maji, anayaacha yapoe, anarudi kulala, na mimi usingizi umeshaniruka.

Shemeji amekubali. Ana nyumba kubwa huko aliko, mwendo wa siku nzima kwa gari. Ila barabara ya kwake ikinyesha haipitiki, kwa hiyo atakuja mvua zikiisha. Mama mkwe sijamwambia. Nitamwambia.

Jumanne, 4 Machi

Sijamwambia.

Jumatano, 5 Machi

Redio ya karakana imekufa. Bati limetoboka juu ya rafu, na leo Fundi Mkuu alipoiwasha ilitoa mlio wa mtu anayesukutua mdomo, ikanyamaza moja kwa moja.

Tuko wanawake watano pale. Fundi Mkuu, mwenye karakana, tepu shingoni hata akienda msalani. Mama Pasi, anayepiga pasi huku anasinzia wima. Msichana wa cherehani ya dirishani, ambaye kwa mdomo wake tulishampa jina la Redio hata kabla ya redio yenyewe kufa. Mama mkwe, anayeshona vifungo kwa mkono. Na mimi wa kola. Kazi yetu ni sare za shule, shati jeupe baada ya shati jeupe, na bila sauti ya kusikiliza mtu anaweza kupata wazimu.

"Sasa tutasikiliza nini?" Redio akauliza.

"Tutakusikiliza wewe," Mama Pasi akamjibu, "na mimi leo kichwa kinaniuma."

Fundi Mkuu akakumbuka mtindo wa mama yake, aliyemwachia karakana. Zamani, baada ya chakula cha mchana, mmoja aliacha cherehani yake akawasomea wenzake nusu saa, na kila mmoja wa wenzake aliweka shati moja alilolimaliza kwenye fungu la msomaji, asipungukiwe. Vitabu vya enzi hizo bado vipo, maboksi mawili nyuma ya marobota ya vitambaa. Msomaji nikawa mimi, bila kuulizwa, maana Redio akisoma utadhani anatafuna kokoto.

Kitabu kikawa ugomvi. Redio anataka cha mapenzi, Mama Pasi anataka cha mauaji. Wakiwa wanabishana, mama mkwe aliinuka akaenda kwenye maboksi. Hajui kusoma hata herufi moja. Alivipapasa kimoja kimoja kama mtu anayechagua nyanya, akarudi na kimoja, akaniwekea mapajani.

"Hiki."

Jalada hakina. Jina hatulijui, mwandishi hatumjui, kinaanzia ukurasa wa tatu na kinaishia wa mia nne na kumi na mbili.

"Mama, hilo si tofali?" Redio akasema.

"Ndicho hicho," mama mkwe akajibu, akarudi kwenye vifungo vyake. Tumekipa jina la Kinene.

Ijumaa, 7 Machi

Ukurasa wa 23. Hakuna kilichotokea.

Ni ua mmoja wenye nyumba sita. Babu amekufa, hakuigawa mali. Nikajua hapo sasa ndipo kisa kinaanza. Wapi! Tunaambiwa nani mtoto wa nani, nani binamu wa nani, nani alimsalimia nani na nani hakuitikia. Dada mkubwa ndiye mwenye funguo. Fundi saa ana wake wawili. Kuna shangazi mmoja ana chekeche la unga, na majirani wanaliazima.

"Wanaliazima, halafu?" Redio akauliza.

"Halafu wanalirudisha."

Akaniangalia kama mimi ndiye niliyekitunga.

Mama mkwe peke yake ndiye anayesikiliza. Ana kopo la vifungo visivyo na wenzake, na kila mtu anapotajwa kitabuni anamchagulia kifungo chake na kumtunga kwenye uzi. Nyumba sita, nyuzi sita. Mwenye funguo ni kifungo kikubwa cheusi cha koti. Wake wawili wa fundi saa ni vifungo viwili vya rangi moja, kimoja kina ufa. Nilimuuliza kwa nini. "Nisije nikawapoteza," akasema.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Kola thelathini na mbili. Chekeche limeazimwa tena.

Jumatano, 12 Machi

Ukurasa wa 42, na leo wenzangu wamegoma. Mama Pasi alilala kabisa akaunguza mkono wa shati. Fundi Mkuu, mtu wa haki, akasema tupige kura: anayetaka kitabu kingine anyooshe mkono. Mikono mitatu ikapanda. Wangu ulikuwa njiani.

Mama mkwe hakuinua hata macho. "Kesho nani atashona vifungo?" akauliza.

Mashati mia mbili yanasubiri vifungo, na mwenye subira hiyo pale karakana ni yeye tu.

"Mama, huo ni utekaji," Redio akalalamika.

"Msomaji aendelee."

Mikono ikashuka. Tulicheka sana, hata mimi, lakini kurudi nyumbani tulitembea bila neno, yeye mbele na mimi nyuma, kama kawaida yetu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya jambo. Jana nilikuja na Kinene nyumbani nikakichungulia mbele. Kuanzia ukurasa wa 47 ni yale yale: shangazi, chekeche, unga, nani kaamka saa ngapi. Ukurasa wa 96 ndugu wawili wanapigana mangumi wakigombania ukuta. Basi leo nimesoma hadi mwisho wa 46, nikafunua kurasa kama zimenata kwenye kidole, nikaanza 96.

Wamefurahi kupita kiasi. Mama Pasi hakusinzia. Redio alikuwa anampigia makofi yule mdogo mtu. Sikuona ubaya wowote. Nimewaokoa, nami nimejiokoa.

Ijumaa, 14 Machi

Amegundua. Nilikuwa sijafika hata nusu ukurasa.

"Huyo mpiga zumari ametoka wapi?"

"Yumo tu, Mama."

"Hana kifungo." Akainua nyuzi zake sita, akazipitia kwa kidole gumba. "Na yule mke mwenye ufa ana mimba. Jana hakuwa nayo. Umeruka."

Wote wakanitazama. Nikasema sikuruka, ndivyo kitabu kilivyo, mwandishi ameamua. Nilisema kwa ukali, tena mbele za watu, kwa mwanamke anayelingana na mama yangu mzazi. Hakubisha. Aliziweka nyuzi kwenye kopo, akafunika, akaendelea na shati. Jioni chakula alikigusa tu.

Kumbe mtu asiyejua kusoma naye ana makuu yake, nikajisemea. Nilikuwa na hasira za mwongo aliyekamatwa.

Jumanne, 18 Machi

Dari la chumbani kwake limeanza kuvuja sehemu ya pili. Nimeilaani mvua mpaka basi. Yeye anasogeza kitanda taratibu na kusema, "Acha inyeshe." Mtaa mzima yeye tu ndiye anayeipenda.

Jumamosi, 22 Machi

Shemeji amepiga. "Umemwambia?" Nikamwambia nasubiri wakati mzuri. "Huko kwenu bado inanyesha?" Inanyesha. "Basi hakuna haraka." Ana sauti ya mtu ambaye angefurahi inyeshe mwaka mzima.

Jumamosi, 29 Machi

Kinene kina moto sasa, lakini moto wenyewe hauwaki vizuri. Kila siku Redio anauliza, "Huyu ni nani tena?" na mimi mwenyewe sijui. Mama mkwe hatungi tena vifungo. Anasikiliza tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Kola arobaini. Mgongo.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo shangazi wa chekeche amekufa. Ukurasa wa 241. Mwandishi amemaliza maneno yake yote pale, ua mzima unalia, wanaume wazima wameketi chini. Asubuhi ya pili yake kuna sentensi hii, naiandika kama ilivyo: *Siku hiyo unga wa nyumba zote sita ulikuwa na wadudu.* Sura ikaishia hapo.

Redio akaangua kicheko. "Jamani! Mtu kafa, wao wanaangalia wadudu kwenye unga?"

Mama Pasi naye akacheka. Fundi Mkuu akasema mwandishi kaishiwa. Mimi nilikuwa bado nina kidole kwenye ile sentensi. Ni sentensi ambayo mtu aliipanga, aliitafutia njia kurasa mia mbili, na sisi tulikuwa tunaicheka kwa sababu yangu. Niligeuka kumtazama mama mkwe. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatafuta kwenye uzi wa tatu, kifungo baada ya kifungo, hadi akafika kwenye kimoja kidogo cheupe cha shati la mtoto.

"Huyu shangazi nilimwacha anaazimisha," akasema polepole. "Halafu akaja kufa. Katikati hapo alifanya nini?"

Hakuniuliza mimi. Aliuliza tu. Lakini nilijihisi mdogo kuliko kile kifungo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekiri. Nilisimama kabla ya kufungua kitabu, kama mtoto aliyevunja sahani, nikasema, "Niliruka. Kurasa arobaini na tisa. Mama alisema kweli nami nikamfanya mwongo mbele yenu. Mama, nisamehe."

Redio akafumbua mdomo, safari hii hakikutoka kitu. Hiyo peke yake ni historia.

Mama mkwe aliniangalia muda mrefu kuliko alivyopata kuniangalia tangu mazishi. "Arobaini na tisa," akarudia, kana kwamba anaziweka kwenye mzani. Halafu akafunua kopo. "Anza pale pale ulipoachia."

Nikarudi ukurasa wa 47.

Jumatano, 9 Aprili

Chekeche. Hakuna aliyelalamika.

Jumatatu, 14 Aprili

Nina mengi ya kuandika na mkono umechoka. Nitajitahidi.

Leo, ukurasa wa 82, tumejua. Yule shangazi alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anaingia jiko la kila nyumba ya ua ule, anachekecha unga wa siku hiyo, anafunika, anaondoka. Nyumba sita, miaka thelathini. Hakuna aliyejua. Kila mwanamke alidhani unga wake ni msafi kwa sababu ya duka analonunua. Walikuwa hata wanabishana duka lipi ni zuri!

Nilipomaliza, cherehani zote zilikuwa zimesimama. Redio alikuwa anafuta pua kwa kipande cha bitana. "Kwa hiyo wale wadudu..." akaanza, akashindwa. Mama Pasi akazima pasi. Fundi Mkuu akaniomba nirudi 241 nisome tena ile sentensi. Nikaisoma. Sijawahi kuona watu wanalilia wadudu wa unga.

Si hilo lililonikalisha hapa lakini. Kurudi nyumbani mvua ilikuwa kubwa na mwavuli ni mmoja, ikabidi tutembee bega kwa bega. Karibu na duka la misumari akasema, bila kunitazama, "Na wako alikuwa anakunywa chai kwangu."

"Wangu yupi?"

"Mumeo. Kila asubuhi, kabla ya kazi. Miaka tisa."

Nikasimama palepale kwenye dimbwi. Mume wangu alikuwa na zamu ya alfajiri. Kila siku alinifunika shuka akasema, usiamke, nitakunywa kazini. Miaka tisa nililala nikijua anakunywa kazini.

"Alisema unashona mpaka macho yanakuwa mekundu, akuache ulale. Akaniomba nisikuambie, usije ukaona aibu."

"Na sasa, Mama? Zile sufuria za kila asubuhi?"

"Mikono inaamka saa ile ile," akasema. "Mimi najua amekufa. Mikono haijaambiwa."

Tulifika nyumbani tumelowa kila mmoja upande mmoja. Nimelia bafuni bomba likiwa wazi, lakini ukuta wenyewe ndio huu wa mbao, nadhani amesikia.

Jumanne, 15 Aprili

Tumemaliza zile kurasa. Kesho tunarudi 242. Kile kifungo cheupe cha shangazi amekitoa kwenye uzi, akakishona ndani ya kola ya shati alilokuwa nalo mkononi. Kuna mtoto atakwenda shule nacho, hajui.

Jumamosi, 19 Aprili

Bado sijamwambia. Sasa sijui hata nitamwambia nini.

Jumatatu, 28 Aprili

Wiki nzima iliyopita hatukusoma. Maji yaliingia karakana mpaka kwenye pedali za cherehani, tukafunga, nami nikashikwa na homa. Mama mkwe alinilisha kwa kijiko kama mgonjwa wa kulazwa. Leo tumefungua. Redio alikuwa amejitolea kusoma badala yangu, naambiwa mama mkwe alimjibu, "Wewe ukisoma hata waliokufa kitabuni watafufuka wakimbie."

Jumatatu, 5 Mei

Nisijitie utakatifu. Leo amenichosha. Amepanga upya kabati langu bila kuniomba, chumvi siioni, na mafua yake hayaishi. Nimempayukia. Amenijibu. Tulipofika karakana kila mtu alikuwa amenuna, nikasoma kurasa saba kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya maji. Nimechoka na mvua, nimechoka na kola, nimechoka na kuwa mtu mwenye siri.

Jumatatu, 12 Mei

Jua.

Jua kamili, tangu asubuhi. Mtaa mzima umeanika magodoro. Mama mkwe alisimama mlangoni akiangalia juu, mikono nyuma, kama mtu aliyefikiwa na mgeni wa kumdai. Saa nne shemeji akapiga: barabara imekauka, anakuja Jumamosi. Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa. Ulimi ulishazoea.

Zimebaki kurasa sitini.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwambia. Tulikuwa tumekaa ukumbini jioni, yeye anachambua nyuzi zake, mimi najifanya natafuta sindano.

"Mama, kuna neno."

"Sema."

"Shemeji anakuja Jumamosi kukuchukua. Ni mimi nilimwita."

"Najua."

"Amekupigia?"

"Nani, yule? Hapana. Ukuta huu ni ubao, mkwe, nakusikia hata ukigeuka kitandani. Ile siku unapiga simu nilikuwa upande wa pili nakunja nguo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miezi miwili na nusu! Kila siku nikimtazama na siri yangu usoni, naye anaiona. "Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Niseme unibakize? Mtu hajiombei kukaa kwa mke wa mwanawe." Alifunga fundo, akakata uzi kwa meno. "Nikaenda nikachagua kitabu."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama unavyomfundisha mtoto kutunga uzi kwenye sindano. Alisikia kwamba mwisho wake ni mvua zikiisha. Mvua hana uwezo nayo. Lakini mimi ananijua: nikianza shati siliachi mpaka nimekunja pindo. Akasema moyoni, tukiwa katikati ya kitabu, huyu hatanitoa.

"Ndiyo nikatafuta kinene. Kusoma sijui, unene naujua."

"Kwa hiyo hata hukujua kama ni kizuri?"

"Ningejuaje? Wenzako walipolalamika kwamba hakiendi, mimi nilikuwa nafurahi. Kisiende! Chekeche liazimwe, lirudishwe, liazimwe tena. Kila likirudishwa, mimi nimepata siku moja."

Kisha akasema, wala si kwa hasira, "Halafu ukaruka. Arobaini na tisa, na tunasoma saba kwa siku. Ulinikata wiki nzima, mkwe. Nilidhani umenigundua, unaniharakisha."

Nilikumbuka ile jioni alipogusa tu chakula, nami nikaita makuu. Nilitaka kusema nisamehe, lakini nilishalitumia neno hilo karakana kwa kosa dogo, na kubwa lilikuwa hili.

"Ila ulizirudisha," akasema. "Hakuna aliyekulazimisha. Ndiyo maana nguo nimezikunja bila kinyongo. Zimebaki ngapi?"

"Thelathini na tisa."

"Basi Redio atanipigia simu anisimulie mwisho. Mwambie asitie chumvi."

Akaingia kulala. Jua lilikuwa halijazama hata.

Jumamosi, 17 Mei

Amekuja saa tatu, ameendesha usiku kucha, na gari la wazi nyuma, viti viwili vya plastiki vimefungwa kamba. Mkewe hakuja. Akanywa chai amesimama. "Mama, mzigo uko wapi?" Ulikuwa mlangoni tangu alfajiri: mkoba mmoja, na juu yake kopo la vifungo.

Sikuwa nimeamua kitu, naapa. Niliinama kuuinua mkoba nimsaidie, nikajiandaa kwa uzito, na mkono ukapanda wenyewe hadi kifuani. Ulikuwa mwepesi. Miaka kumi na moja mwanamke huyu ameishi nami, tisa na mwanawe na miwili bila yeye, na vyote alivyo navyo naviinua kwa vidole viwili. Nikaurudisha chini.

"Shemeji, nisamehe. Nimekusumbua bure."

"Una maana gani?"

"Mama haendi."

"Si wewe uliyenipigia?"

"Ni mimi. Na ni mimi ninayesema haendi." Nikamgeukia yeye. "Mama, baki. Hujajiombea. Nimekuomba mimi."

Alinitazama, akautazama mkoba, akamtazama mwanawe. "Na kitabu chenyewe hakijaisha," akasema.

"Kitabu gani?" Shemeji alishika kichwa. "Mama, tangu lini wewe unasoma?"

Tulicheka, wote wawili, cheko la watu wasiolala vizuri siku tatu, na yule maskini amesimama na kikombe hajui acheke au akasirike. Alikasirika kidogo. Aliondoka saa sita na viti vyake. Kwenye dirisha la gari alisema kwamba wanawake hatujulikani tunataka nini. Sikumjibu, maana mwezi wa tatu ningekubaliana naye.

Jumatatu, 19 Mei

Sufuria, kabla ya saa kumi na moja. Safari hii nilijikokota nikaenda jikoni. Kulikuwa na vikombe viwili mezani. Sijui ni siku ngapi amekuwa akiweka viwili. Tulikunywa bila kuongea, mimi macho nusu, nikarudi kulala nusu saa. Nimechoka vilevile, ila ni uchovu mwingine.

Ijumaa, 23 Mei

Tumemaliza. Ukurasa wa 412. Hawakugawana. Dada mkubwa amezeeka, ametundika funguo kwenye msumari wa ukumbini kila mtu achukue. Na mke mwenye ufa ameonekana alfajiri anaingia jiko la jirani na chekeche mkononi.

"Hawakugawana?" Redio akapiga kelele. "Kurasa mia nne zote zile, na hawakugawana?" Akarudi kwenye cherehani yake. "Afadhali," akasema.

Mama Pasi alikuwa macho kabisa.

Jumatatu, 26 Mei

Baada ya chakula wote wamenitazama. Fundi Mkuu ameshanunua redio mpya, iko rafuni kwenye boksi lake, hakuna aliyeigusa. Nimekwenda kwenye maboksi peke yangu. Sikusoma jina hata moja. Nimefumba macho nikapapasa, nikarudi na kimoja cha kurasa mia sita na kitu, nikakiweka mapajani. Redio amepiga yowe.

Nimechungulia mwanzo wake. Kurasa hamsini nzima familia inahama nyumba, na bado hawajafika.

Mama mkwe alikuwa ameshamwaga kopo la vifungo kwenye gauni lake. Nimefungua ukurasa wa kwanza, nikasoma polepole.